Henry Chadwick na Daftari Lake



Mhariri ameniomba niandike juu ya kazi ya uripota wa michezo, kwa kuwa ndiyo iliyonilisha tangu nilipotoka hapa shuleni. Nimeona heri nieleze maisha ya mtu aliyetutangulia katika kazi hiyo, Henry Chadwick. Lakini kwanza sina budi kukiri kosa langu.

Nilipokuwa kidato cha tatu, nilikuwa mwandishi wa michezo wa gazeti letu la ukutani. Jumamosi moja tuliifunga shule jirani mabao mawili kwa moja. Sikuwa na daftari. Nilishangilia tu mpaka sauti ikakauka. Usiku, bwenini, niliandika kwa kumbukumbu, na bao la ushindi nikampa nahodha. Kumbe lilifungwa na kijana wa kidato cha kwanza. Jumatatu alikuja pale ukutani na karatasi na kalamu, anakili habari ile ampelekee baba yake. Alisoma, akaikunja karatasi yake, akaenda zake. Nami niliona haya, sikusahihisha.

Chadwick alizaliwa Exeter, Uingereza, tarehe 5 Oktoba, 1824. Baba yake alikuwa mhariri wa gazeti, na kaka yake kwa baba, Edwin, alisifika kwa kupigania usafi wa miji ya Uingereza. Mwaka 1837 familia ilihamia Brooklyn, Marekani. Huko Henry alifundisha muziki, na pia akawa anayaandikia magazeti habari za kriketi, mchezo wa kwao.

Mwaka 1856, akitoka kutazama kriketi, alipita Hoboken, ng'ambo ya mto kutoka New York, akasimama kutazama timu mbili zikicheza besiboli. Alikuwa ameuona mchezo huo zamani bila kuujali. Siku hiyo aliamini kuwa ungeweza kuwa mchezo wa taifa zima la Marekani, na tangu hapo akawa anayahimiza magazeti yaupe nafasi.

Hapa ndipo penye somo. Chadwick hakutegemea kumbukumbu wala maneno matamu. Alikaa na daftari, na kila tukio alilipa alama yake. Mpigaji aliyetolewa kwa kukosa mpira mara tatu aliandikiwa K, herufi ya mwisho ya neno struck, kwa kuwa S ilikwisha tumika kwa jambo jingine. Alama hiyo ingali inatumika. Mwaka 1859 alitoa jedwali la mchezo, alilolifuatisha na lile la kriketi, lenye kuonyesha kazi ya kila mchezaji. Hata asiyekuwapo uwanjani aliweza kuusoma mchezo. Na mchezaji asiye na sifa alipata haki yake, maana jedwali halijui nani ni nahodha.

Mwaka 1860 alihariri kitabu kidogo cha besiboli kilichouzwa senti 10, na tangu 1881 hadi kufa kwake alihariri kitabu cha kila mwaka cha Spalding. Alipiga vita kamari na ulevi viwanjani. Alidai pia kuwa mpira uliokwisha dunda chini usihesabiwe kuwa umedakwa, na kanuni hiyo ilianza katika msimu wa 1865.

Hakuogopa kusema lisilopendwa. Aliandika kwamba besiboli ilitokana na rounders, mchezo wa watoto wa Uingereza. Rafiki yake, Albert Spalding, hakukubali. Tume ikaundwa mwaka 1905, na mwishoni mwa 1907 ikatamka kuwa Abner Doubleday ndiye aliyeubuni mchezo huo Cooperstown mwaka 1839. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa maneno ya mzee mmoja, akikumbuka mambo ya zaidi ya miaka 60 nyuma. Baadaye wanahistoria waliikataa hadithi hiyo. Kumbukumbu, ndugu zangu, ni shahidi dhaifu.

Chadwick alifariki tarehe 20 Aprili, 1908, akiwa na miaka 83. Mwaka 1938 jina lake liliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Besiboli, ambalo, ajabu ya Mungu, liko Cooperstown.

Basi, vijana, mwendapo uwanjani chukueni daftari na kalamu mbili. Andikeni majina na namba za jezi kabla ya filimbi. Kila bao lipeni dakika yake. Mkiwa na shaka, mwulizeni refa kabla hajaondoka. Mkikosea, sahihisheni katika toleo linalofuata, msingoje.

Mimi nimengoja mno. Bao la pili siku ile halikuwa la nahodha. Jina la mfungaji silitaji bila ruhusa yake, lakini akilisoma jarida hili atajijua. Na aje siku ya mkutano wetu. Habari ile nimeiandika upya kwa mkono wangu, na nakala yake ninayo.