Pinin Farina na Mapezi ya Pijo

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Sisi wa kando ya Ziwa Victoria methali hii haitupi taabu, kwani mitumbwi tunaiona pale Dunga kila uchao. Lakini je, mwanafunzi mwenzangu, umewahi kujiuliza ni nani aliyeunda vinavyobingirika? Hebu muulize mzee yeyote wa Kisumu kuhusu Peugeot 404, ile ambayo wengi waliiita Pijo. Atakusimulia jinsi ilivyobeba watu na mizigo kwenda Ahero, Kericho hadi Nairobi. Pia atakumbuka zile ncha mbili za bati zilizochongoka nyuma yake kama mapezi ya samaki. Mapezi hayo yalitoka katika karakana ya Battista Farina wa Italia, na maisha yake ndiyo ninayotaka kuwasimulia leo.

Farina alizaliwa tarehe 2 Novemba 1893 katika eneo la Piedmont, kaskazini mwa Italia. Alikuwa mtoto wa 10 kati ya watoto 11. Nyumbani walimpa jina la utani la Pinin, yaani mdogo kwa lugha ya kwao, nalo likamganda hadi uzeeni. Hakupata bahati ya kukaa darasani miaka mingi kama sisi. Alipofikisha miaka kama 12 hivi, aliingia katika karakana ya kaka yake Giovanni mjini Turin, akawa anajifunza kutengeneza bodi za magari. Ukipita Kibuye ukasikia nyundo za mafundi wa jua kali zikilia juu ya bati, basi jua kwamba shule ya Pinin ilikuwa ya namna hiyo hiyo.

Mwaka wa 1920 alifunga safari hadi Marekani kujionea viwanda vya magari. Inasimuliwa kwamba Henry Ford mwenyewe alitaka kumwajiri, lakini Pinin akakataa, akarudi kwao. Miaka 10 baadaye, mnamo 1930, aliachana na karakana ya kaka yake akafungua yake mwenyewe mjini Turin.

Kisha vita vikuu vya pili vikaja vikaharibu mambo. Mwaka wa 1946 maonyesho ya magari yalifanyika Paris, lakini Waitaliano walifungiwa mlango kwa kuwa nchi yao ilikuwa upande wa maadui. Pinin hakukaa kununa. Yeye na mwanawe Sergio walichukua magari mawili, Alfa Romeo na Lancia, wakayaendesha mpaka Paris na kuyaegesha nje ya jumba la Grand Palais. Watu waliokuja kutazama maonyesho ya ndani wakawa wanasimama nje! Kizuri chajiuza, jamani. Mwaka uliofuata alitoa gari dogo liitwalo Cisitalia 202, na mnamo 1951 jumba la sanaa za kisasa la New York liliionyesha kama kazi ya sanaa.

Sasa tuje kwenye mapezi yenyewe. Mtindo huu ulianzia Marekani kwa Harley Earl, mkuu wa wachoraji wa General Motors. Waliiona ndege ya kivita ya P-38 yenye mikia miwili, wakaiga wazo hilo katika Cadillac ya 1948. Basi ikawa mashindano. Mapezi yakazidi kurefuka, mpaka Cadillac ya 1959 ikatoka na mapezi marefu kupindukia. Kumbe kazi ya maana hayakuwa nayo! Yalikuwa pambo la kumfanya mtu alione gari lake la juzi limezeeka, ili akanunue jingine. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 homa hiyo ilikuwa imepoa, na waliokuwa wakiyashangilia mapezi wakaanza kuyacheka.

Tusimfanye Pinin malaika, kwa maana yeye pia aliambukizwa. Austin Cambridge ya Uingereza na Fiat 1800 ya Italia zilitoka 1959, kisha Peugeot 404 ya Ufaransa ikafuata 1960. Zote zilichorwa kwake, zote zina mapezi, na zinafanana kama watoto wa mama mmoja. Walikuwepo waliomlaumu, na sioni kwamba walikosea. Ni kama fundi wa nguo aliyewashonea wateja watatu shati moja.

Hata hivyo, mapezi ya 404 yalikuwa mafupi, na chini yake palikuwa na gari hasa. Katika mbio za East African Safari, 404 ilishinda mwaka wa 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka wa 1963 na 1968 matope yalikuwa si mchezo, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na kila mara Peugeot ikawa ya kwanza. Ndiyo sababu mtindo wa mapezi ulikufa lakini Pijo haikufa nao. Huko Ufaransa iliendelea kuundwa hadi 1975, na huku kwetu iliendelea kubeba watu miaka mingi baada ya hapo.

Mwaka wa 1961 Rais wa Italia alimruhusu kubadilisha jina la ukoo liwe Pininfarina. Hivyo jina la utani la utotoni likawa la ukoo mzima. Alifariki tarehe 3 Aprili 1966 mjini Lausanne, Uswisi, akiwa na miaka 72. Siku chache baadaye, wakati wa Pasaka, 404 ikashinda tena Safari. Kazi alimwachia Sergio pamoja na mkwewe, Renzo Carli. Peugeot 504 ilipotoka 1968, pia kutoka karakana hiyo, haikuwa na mapezi hata kidogo.

Wenzangu, hata sisi tuna mapezi yetu. Matatu za mjini zina vioo vyeusi, michoro na muziki wa kupasua masikio. Nasi tuna mitindo yetu ya nywele na ya kuvaa sare. Kujipamba si dhambi, maana hata Pinin alipamba. Lakini siku pambo litakapochekwa, na litachekwa tu, mtu atauliza chini yake pana nini. Kwa Pijo, barabara ya Kericho ilijibu. Je, kwako wewe nani atajibu?