Padri Clayton na Orodha ya Majina

Mwezi huu tunawaletea habari za Padri Philip Clayton, ambaye askari walimwita Tubby, yaani kibonge, kwa unene wake. Tumemchagua makusudi. Askari waliotoka vitani wamo miongoni mwa watu walio katika hatari ya kujiua, na vyama vyetu vya kanisa mara nyingi havijui vianzie wapi kuwasaidia.

Alizaliwa Australia tarehe 12 Desemba 1885, akalelewa Uingereza, akaanza utumishi wake Portsea mwaka 1910. Mwaka 1915 akaenda vitani kuwa padri wa jeshi. Desemba mwaka huo yeye na Padri Neville Talbot walifungua nyumba katika mji wa Poperinge, Ubelgiji, nyuma kidogo ya mapigano ya Ypres. Wakaiita Talbot House, kwa ukumbusho wa Gilbert, mdogo wake Neville, aliyeuawa vitani Julai. Herufi T na H, jinsi wapeleka habari wa jeshi walivyozitamka, zikawa Toc H.

Humo vyeo viliachwa mlangoni. Mkubwa na mdogo walikunywa chai pamoja. Juu kabisa, chini ya paa, palikuwa na kanisa dogo, na altare yake ilikuwa meza ya seremala. Wengi walipokea hapo Ushirika Mtakatifu kwa mara ya mwisho, na Clayton akaweka majina yao.

Majina hayo tunaomba myaangalie sana. Vita ilipokwisha mwaka 1918, askari walirudi makwao, kila mmoja na mzigo ambao hata mkewe hakuujua. Clayton hakungoja wamjie. Alichukua orodha yake akawaandikia waliobaki hai. Mwaka 1920 nyumba ya Toc H ikafunguliwa London, kisha matawi yakaenea. Kila tawi lilikuwa na mgawa kazi, wa kuhakikisha kila mwanachama ana kazi ya kuwatumikia wengine. Hivyo askari wa zamani, badala ya kuhurumiwa tu, alihitajiwa!

Siku hizi idara ya askari wa zamani ya Marekani huwapelekea barua fupi za kuwajulia hali wale waliopiga simu wakiwa taabani. Waalimu wa kazi hii wanatufundisha pia mambo ambayo Clayton hakufundishwa. Kumwuliza mtu waziwazi kama anafikiri kujiua hakumtii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafuu. Silaha, sumu na dawa ziwekwe mbali naye. Aliye hatarini asiachwe peke yake, apelekwe hospitali, na akirudi atembelewe tena na tena.

Tangu 1922 hadi 1962 Clayton alikuwa padri wa All Hallows, London. Kanisa hilo lilibomolewa kwa mabomu mwaka 1940, naye akalisimamia mpaka likajengwa upya. Alifariki tarehe 16 Desemba 1972, mwenye miaka 87. Nyumba ya Poperinge ingali wazi, na ile meza ya seremala imo.