James Martin na Kiti Kilichomchelewea Rafikiye

Aghalabu tunapowakumbuka waasisi wa usafiri wa anga huwataja ndugu wawili wa ukoo wa Wright kule Marekani, ambao walimfundisha binadamu kupaa. Ni nadra kumsikia mtu akimtaja James Martin, ambaye sifa yake ni kumfundisha binadamu namna ya kuikimbia ndege iliyomsaliti angali angani. Mimi mwenyewe, ambaye kazi yangu ni isimu wala si uhandisi, sikulijua jina hilo hadi nilipokwenda Uingereza kuandika tasnifu yangu ya uzamifu.

Nilipopanga chumba palikuwa na jirani, mzee mstaafu, aliyekuwa na uraibu wa kuunda ndege za kivita za mfano. Alizinunua zikiwa vipande vya plastiki, akaviunganisha kwa gundi na kuvipaka rangi kwa brashi nyembamba kama unywele, zote kwa kipimo cha 1 kwa 72. Kwa kipimo hicho kiti cha rubani chenye kimo cha zaidi ya mita moja huwa kipande kisichozidi milimita 20, na mzee yule aliweza kumaliza jioni nzima akikifungia mikanda ya vijikaratasi. Nilidhani ni mchezo wa uzeeni mpaka siku aliponifungulia banda la gari lake. Gari halikuwamo. Mlikuwa na kiti halisi cha ndege ya Hunter, cheusi, kizito, chenye vishikio vya milia ya njano na nyeusi, na kabla sijakigusa alinionyesha hati inayothibitisha kwamba baruti yake ilikwisha kuondolewa. Aliponiuliza kama ninazikumbuka Hunter za jeshi la anga la Kenya, ilinibidi nikiri kwamba zilipowasili nyumbani katika miaka ya 1970 mimi nilikuwa sijazaliwa.

Kwenye kiti kile palikuwa na kibati chenye majina mawili, Martin na Baker. Nilianza kuwasoma watu hao kwa udadisi tu. Baadaye nilipata sababu nyingine ya kuendelea, nayo ni kwamba kisa chao husimuliwa kwa namna ambayo mimi siikubali.

James Martin alizaliwa tarehe 11 Septemba 1893 huko Crossgar, katika jimbo la Down, kaskazini mwa Ireland. Babake, aliyekuwa mkulima, alifariki mtoto angali mdogo sana. Martin hakupitia chuo kikuu. Alijifunza uhandisi kwa mikono yake, kwa kuunda na kubomoa na kuunda upya, jambo ambalo sisi wenye shahada tatu tatu tunapaswa kulitafakari kabla ya kumdharau fundi wa kando ya barabara. Mnamo 1929 alianzisha karakana yake huko Denham, magharibi ya London, na mwaka wa 1934 kampuni ya Martin-Baker ikaundwa.

Baker ndiye Kapteni Valentine Baker, aliyekuwa amehudumu katika jeshi la majini, la nchi kavu na la angani wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, kisha akawa mwalimu wa urubani. Miongoni mwa wanafunzi wake ni Amy Johnson, yule mwanamke ambaye mnamo 1930 aliruka peke yake kutoka Uingereza hadi Australia. Mgawanyo wa kazi baina ya marafiki hawa wawili ulikuwa wazi: Martin aunde, Baker arushe. Ndege yao ya kwanza na ya pili ziliruka kabla ya vita lakini hazikupata mnunuzi. Ya tatu, MB3, ilikuwa ndege ya kivita yenye bunduki kubwa sita. Tarehe 12 Septemba 1942, siku moja tu baada ya Martin kutimiza umri wa miaka 49, Baker alipaa nayo kutoka uwanja wa Wing. Injini ikazimika punde baada ya kuiacha ardhi. Baker alijaribu kutua katika shamba, ndege ikagonga kisiki, naye akafa papo hapo.

Hapa ndipo simulizi za watu hupata utamu. Husemwa kwamba Martin, kwa majonzi ya kumpoteza rafiki, aliacha kuunda ndege na kuanza kuunda kiti cha kumwokoa rubani. Sina shaka hata kidogo juu ya majonzi yake, na kila aliyeandika maisha yake anakubali kwamba tangu siku ile usalama wa rubani ulimshughulisha kuliko jambo jingine. Lakini tarehe hazikubali simulizi iwe nyepesi hivyo. Martin aliendelea kuunda ndege. MB5, iliyosifiwa mno na marubani walioijaribu, iliruka kwa mara ya kwanza mwezi wa Mei 1944, na ni moja tu iliyopata kuundwa. Kazi ya kiti ilianza mwaka huohuo kwa sababu wizara iliyosimamia uundaji wa ndege ilimwomba atafute njia ya kumtoa rubani katika ndege zenye kasi kubwa. Ndege za jeti zilikuwa zinaingia vitani, na rubani aliyezoea kufungua kifuniko na kuruka kwa nguvu za miguu yake angebanwa na upepo au kukatwa na mkia wa ndege yake. Wala Martin hakuwa wa kwanza. Wajerumani walimtangulia: tarehe 13 Januari 1942 rubani Helmut Schenk alijiokoa kwa kiti cha aina hiyo kutoka ndege ya Heinkel.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Kiti cha kwanza cha Martin kisingemwokoa Baker. Baker alikuwa karibu na ardhi, na viti vya mwanzo vilihitaji kimo kirefu: rubani akishatupwa nje ilimpasa ajifungue mikanda mwenyewe, akisukume kiti, kisha avute kamba ya mwavuli. Katika kimo cha miti hakuna muda wa hayo. Kiti ambacho kingemfaa kilikuja takriban miaka 19 baadaye, na katikati yake kuna miili ya watu wengine, ambao majina yao hayamo kwenye kibati.

Wazo la kwanza la Martin lilikuwa mkono mrefu uliolazwa juu ya mgongo wa ndege, ambao ungefyatuka na kumnyanyua rubani kwa kamba zake. Aliunda ndege ndogo ya mfano kulionyesha wazo hilo kwa wakuu wa wizara, na nilipomweleza jirani yangu jambo hilo, hakuficha fahari yake. Mara wazo hilo likaachwa. Baruti ndiyo iliyochaguliwa: imrushe rubani pamoja na kiti chake.

Nitachepuka kidogo, maana fani yangu hainiruhusu nipite kimya. Kiswahili kina kitenzi fyata, yaani kubana kwa nguvu, kama mbwa anavyofyata mkia au mwoga anavyofyata ulimi. Ukikitia katika kauli ya kutendua unapata fyatua, kuachilia kilichobanwa, nacho ndicho tunachokitumia kwa mtego, kwa risasi na hata kwa matofali. Tunapotafuta istilahi ya chombo hiki hatuna haja ya kuomba kwa wageni. Kiti cha kufyatuka kinasema yote: mtu aliyebanwa na mikanda, na nguvu inayomwachilia ghafla.

Nguvu hiyo ndiyo iliyokuwa fumbo. Baruti ikiwa ndogo, rubani atapigwa na mkia wa ndege. Ikiwa kubwa, itamwokoa kutoka ndegeni na kumvunja mgongo. Hakuna aliyejua mpaka uko wapi, na hapakuwa na kitabu cha kuusoma. Martin alisimamisha mnara wa reli wa karibu mita tano pale karakanani, akaanza kwa kurusha mizigo ya uzito wa mtu tarehe 20 Januari 1945. Siku nne baadaye aliketi mtu. Jina lake Bernard Lynch, fundi wa karakana hiyohiyo.

Mpenzi msomaji, tumfikirie fundi huyu. Hakuwa rubani, hakuwa mwanajeshi aliyepewa amri. Alikuwa mfanyakazi aliyejitolea kuketi juu ya baruti ya bosi wake. Mara ya kwanza alirushwa kiasi cha mita moja na nusu hivi. Baruti ikaongezwa, akarushwa juu zaidi, na tena zaidi, mpaka alipofika karibu mita tatu akaeleza kwamba maumivu yameanza. Kisha wakajitokeza wengine. Mmoja wao, mwandishi wa jarida la mambo ya anga, aliumia uti wa mgongo.

Ni hapa ninapoona ukubwa wa Martin, kuliko katika simulizi ya majonzi. Angaliweza kusema kwamba mwandishi yule aliketi vibaya. Badala yake, yeye asiyekuwa daktari aliomba ruhusa ya kuhudhuria upasuaji wa uti wa mgongo, akatazama kwa macho yake jinsi pingili zinavyopangana na jinsi zinavyopasuka. Alirudi na maarifa mawili. La kwanza, ni sharti mtu aketi wima, pingili zikae sawasawa juu ya nyingine. Ndiyo sababu viti vyake vya awali vilifyatuliwa kwa kuvuta pazia kutoka juu ya kichwa hadi usoni, kwani mikono ikivuta hivyo mgongo hunyooka, na pazia huukinga uso na upepo. La pili, madhara hayaletwi na ukubwa wa nguvu tu bali na ghafla yake. Akagundua kwamba mwili waweza kustahimili msukumo wa hadi mara 21 ya uzito wake kwa muda mfupi mno, mradi msukumo huo upande hatua kwa hatua. Mtu wa kilo 70 hukandamizwa kana kwamba ana tani moja na nusu, na bado atainuka akatembea. Martin akaigawa baruti mara mbili, ya kwanza ianze kumwinua, ya pili imalizie, na akajenga mnara mwingine wa karibu mita 20 kuthibitisha hesabu yake.

Tarehe 24 Julai 1946, juu ya uwanja wa Chalgrove, Lynch alijifyatua kutoka ndege ya jeti ya Gloster Meteor iliyokuwa ikienda zaidi ya kilomita 500 kwa saa. Akatua salama. Baadaye alirudia mara nyingi. Mwaka uliofuata viti vya Martin-Baker vikakubaliwa kwa ndege za majeshi ya Uingereza, na tarehe 30 Mei 1949 rubani Jo Lancaster akawa Mwingereza wa kwanza kuokolewa na kiti hicho katika hatari ya kweli, alipoikimbia ndege isiyo na mkia iliyokuwa imeanza kutetemeka kupita kiasi.

Yaliyofuata nitayapitia upesi. Kiti kikafunzwa kumwachia rubani na kumfungulia mwavuli bila yeye kufanya lolote, maana mtu aliyezirai hawezi kuvuta kamba. Tarehe 3 Septemba 1955 John Fifield alijifyatua kutoka ndege iliyokuwa ingali ikikimbia juu ya ardhi ya uwanja, akashuka salama. Hatimaye baruti ikasaidiwa na roketi, na tarehe 1 Aprili 1961 Doddy Hay aliketi kwenye kiti kilichosimama palepale chini, pasipo kasi wala kimo, akarushwa juu kiasi cha mwavuli kufunguka na kumshusha. Hicho ndicho kiti ambacho Baker alikihitaji kule Wing.

Martin alipewa hadhi ya Sir mwaka wa 1965. Aliiongoza kampuni hadi uzeeni na kufariki tarehe 5 Januari 1981 akiwa na umri wa miaka 87. Watu zaidi ya 7,700 wameokolewa na viti hivyo hadi leo, katika majeshi mengi ya dunia. Ndege za Strikemaster ambazo Kenya ilinunua mwanzoni mwa miaka ya 1970, Hunter zilizozifuata na Hawk za mwanzoni mwa miaka ya 1980 zote zilikuwa na viti vya Denham. Kwa hiyo kila kijana wetu aliyeketi ndani ya ndege hizo kule Nanyuki aliketi juu ya hesabu iliyopatikana kwa mgongo wa Lynch.

Najua wako watakaonikosoa kwamba chombo hiki ni cha vita, na kwamba rubani anayeokolewa leo hurudi kesho kudondosha mabomu. Hoja hiyo ina uzito, nami sina jibu la kuimaliza. Martin mwenyewe aliunda pia vifaa vya kulisha bunduki risasi na vya kukata nyaya za maputo ya kuzuia ndege, wala hakujifanya mtu wa amani. Ninachojua ni kwamba katika mashine nzima iliyojengwa kwa ajili ya kuua, kiti ndicho kipande pekee kilichobuniwa kwa kumfikiria mtu mmoja na pingili zake.

Siku ya kuagana jirani yangu alinikaribisha kuketi. Niliketi wima kama alivyonielekeza, kisogo kikigusa kiegemeo, nikainua mikono kulikamata pazia juu ya kichwa changu. Kweli mgongo ulinyooka. Alikuwa ameshika tochi na kukimulika kile kibati cha majina mawili, ambacho alikuwa amekisugua mpaka kikang'aa. Nilimuuliza Lynch yuko wapi. Akakishusha kile kimwanga cha tochi polepole hadi kwenye kikalio nilichokuwa nimekikalia.