Henry Ford na Kampuni Iliyompita Kimo

Wakuu wa makampuni yanayokua upesi wana mengi ya kutazama katika maisha ya Henry Ford, Mmarekani aliyezaliwa shambani huko Michigan mwaka 1863 na kufariki mwaka 1947. Ufundi wake wajulikana pote. Lisilosimuliwa sana ni jinsi kampuni aliyoijenga ilivyokaribia kubomoka mikononi mwake mwenyewe.

Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1903, na mwaka 1908 ikatoa gari la Model T. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, Ford na mafundi wake walianza kulipeleka gari kwa mfanyakazi badala ya mfanyakazi kulifuata gari. Kazi ya kuunganisha iliyochukua zaidi ya saa 12 ikapungua hata kufikia saa moja na nusu hivi. Lakini kurudia tendo moja kutwa kucha kuliwachosha watu, wakaondoka makundi kwa makundi. Mwaka huo kampuni iliwaandika watu zaidi ya 50,000 ili kujaza nafasi zipatazo 14,000. Januari 1914 Ford akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku, na watu wakatulia. Hapo alistahili pongezi.

Kasoro ya ofisini hakutaka kuiona. James Couzens, msimamizi wa fedha na mauzo asiyeogopa kumpinga, alijiuzulu mwaka 1915. Mwaka 1919 Ford akanunua hisa zote za wenziwe, pasisalie wa kumhoji. William Knudsen, mjuzi wa uzalishaji, akaondoka mwaka 1921, na baadaye akaiongoza Chevrolet ya General Motors, ambako Alfred Sloan aligawa madaraka: kila kitengo na mkuu wake, hesabu zikikaguliwa mahali pamoja. Ford alidharau vyeo na mipaka ya kazi. Katika karakana ya watu kumi dharau hiyo ina faida, kwani kila mtu humwona mwenziwe. Katika kampuni ya maelfu, mwenye amri akawa yule aliyetoka kuonana na mzee. Model T iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1927, wanunuzi wakiwa wamekwisha kuhamia kwa Chevrolet.

Wapo watakaosema uzee ndio uliomponza. Sisi hatuoni hivyo; Couzens alipoondoka, Ford alikuwa na miaka 52 tu.

Mwanawe Edsel alikuwa rais wa kampuni kwa jina tangu mwaka 1919. Maamuzi yake yalitenguliwa na babaye, na nguvu zikamwangukia Harry Bennett, mkuu wa walinzi wa kiwanda. Edsel alifariki mwaka 1943 akiwa na miaka 49, na mzee, aliyekaribia 80, akarudi kitini. Mjukuu, Henry wa Pili, alipokabidhiwa uongozi Septemba 1945, yasimuliwa kwamba alikuta makarani wakikadiria madeni kwa kupima marundo ya hati kwenye mizani. Akamfukuza Bennett, na mwaka 1946 akamwajiri Ernest Breech, mtu aliyelelewa kikazi General Motors, ili alete mpangilio ule ule ambao babu yake aliudharau miaka 30.