Fundi wa Amplepuis na Swali la Mwenye Cherehani

Ukimwuliza mwanafunzi wa shule yetu yoyote ni nani aliyebuni cherehani, yamkini atakujibu kuwa ni Singer. Jibu hilo amelisoma kwenye chuma chenyewe, maana jina hilo limeandikwa kwa herufi za rangi ya dhahabu ubavuni mwa cherehani nyingi nyeusi zilizopangwa katika baraza za maduka yetu tangu enzi za babu zetu. Sina nia ya kumpokonya Isaac Merritt Singer haki yake. Mgala muue na haki umpe. Hata hivyo, Singer alipopata hataza ya mashine yake huko Marekani mwaka 1851, fundi mmoja wa Ufaransa alikuwa amekwisha kuhangaika na mashine ya kushona kwa zaidi ya miaka 20, akavunjiwa karakana, akafilisika, akaanza upya na kufilisika tena. Fundi huyo ni Barthélemy Thimonnier. Nataka kuyasimulia maisha yake kwa sababu naamini yana funzo ambalo halipatikani katika orodha ya wavumbuzi na tarehe tunayowakaririsha wanafunzi wetu.

Thimonnier alizaliwa mwezi wa Agosti mwaka 1793 katika mji mdogo wa L'Arbresle, karibu na Lyon, wakati Ufaransa ilipokuwa ikitokota kwa mapinduzi. Baba yake alikuwa mtia rangi nguo. Mwaka 1795 familia ilihamia Amplepuis, na huko ndiko kijana alikokulia. Alisoma kwa muda mfupi mjini Lyon, kisha akaacha masomo na kujifunza ushonaji. Hakuwa mhandisi wala msomi wa hesabu za mitambo. Alikuwa fundi wa nguo, mtu wa sindano na mkasi, na baadaye alihamia karibu na Saint-Étienne akiendelea na kazi hiyohiyo.

Eneo alilokulia lilikuwa na kazi nyingine ya mikono iliyowapatia watu wengi riziki, nayo ni kutarizi. Wafanyabiashara wa mji wa Tarare waliwagawia watu wa vijijini vitambaa vyepesi vya pamba ili wavitarizi majumbani mwao. Kitambaa kilibanwa katika fremu na kuwambwa kikakaza sawasawa. Hapa msomaji aniwie radhi kwa mazoea ya kazi yangu ya isimu: Wafaransa waliita kazi hiyo kwa jina la ngoma, kwa kuwa kitambaa hukaza kama ngozi ya ngoma, nasi Waswahili tuna kitenzi kimoja tu, kuwamba, kinachofaa ngoma, kitanda na kitambaa cha kutarizi. Mtarizi alishika uzi kwa mkono mmoja chini ya kitambaa, na kwa mkono wa pili akashika sindano yenye ncha ya kulabu. Aliidunga sindano kutoka juu, akauzungusha uzi kwenye kulabu huko chini, kisha akaivuta juu ikiwa na kitanzi cha uzi. Sindano ilipodungwa tena, kitanzi cha pili kilipita ndani ya cha kwanza, na hivyo mshono ukatambaa juu ya kitambaa kama mnyororo.

Wako watu waliokwisha kufikiria mashine ya kushona kabla ya Thimonnier. Mwingereza Thomas Saint alikuwa amepata hataza ya mashine ya aina hiyo mwaka 1790. Lakini Thimonnier hakuchukua fikira zake katika michoro ya wenzake. Alichukua alichokiona mikononi mwa watarizi, akajiuliza kama mkono wa juu na mkono wa chini vingeweza kutengenezwa kwa mti na chuma. Kufikia mwaka 1829 alikuwa na jibu. Mashine yake ilikuwa ya mbao kwa sehemu kubwa. Fundi alikanyaga kanyagio, sindano yenye kulabu ikashuka na kupenya kitambaa. Chini ya meza kifaa kidogo kikauzungusha uzi kwenye kulabu. Sindano ikapanda na kitanzi, nao mshono wa mnyororo ukaonekana juu. Kwa maneno mengine, mashine hiyo ilikuwa mtarizi wa Tarare aliyegeuzwa kuwa mti.

Kilichofuata kilihitaji fedha na watu wenye majina. Auguste Ferrand, aliyefunza katika shule ya migodi ya Saint-Étienne, alichora michoro na kusaidia kuomba hataza. Ilitolewa tarehe 17 Julai 1830 kwa majina ya wote wawili. Siku kumi baadaye Paris ililipuka, na katika siku tatu Mfalme Charles wa Kumi akapoteza kiti chake. Katika msukosuko huo washirika wenye mitaji walifungua karakana mjini Paris, katika mtaa wa Sèvres, ambamo mashine zipatazo 80 zilishona sare za askari. Kwa kadiri ya historia inavyotujulisha, hicho ndicho kiwanda cha kwanza duniani kilichoshona nguo kwa mashine.

Hakikudumu. Mapema mwaka 1831 mafundi wa kushona kwa mkono waliivamia karakana, wakazivunja mashine, na mvumbuzi akalazimika kutoroka.

Vitabu vingi hulisimulia tukio hili kama kisa cha ujinga dhidi ya maendeleo: upande mmoja mvumbuzi mwenye akili, upande wa pili umati usioelewa. Mimi sikubaliani na usimulizi huo, nami nawasihi walimu wasiurithishe bila kuupima. Mafundi wale waliielewa mashine vizuri mno. Walikuwa wakishona kwa sindano tangu utotoni, hivyo hakuna aliyeweza kuwaeleza maana ya mshono unaokwenda upesi. Biashara ilikuwa imedorora baada ya mapinduzi, na kazi ya sare ilikuwa tegemeo la wengi wao. Walichokiona ni kwamba mashine zote zilikuwa mali ya wenye karakana. Fundi asiyekuwa na mashine angebaki bila kazi, na aliyepewa kazi angekuwa kibarua wa kukanyaga kanyagio la mwingine. Sitetei uvunjaji wa mali ya mtu. Nasema tu kwamba waliovunja hawakuwa wakipigana na maarifa; waliogopa njaa, na hofu yao ilikuwa na sababu.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba Thimonnier mwenyewe alikuwa mmoja wao. Alikuwa fundi kama wao, na faida kubwa ya karakana haikuwa yake. Alirudi Amplepuis akaendelea kushona nguo ili aishi, huku akiirekebisha mashine kila alipopata nafasi. Alijaribu bahati yake Paris kwa mara nyingine, akashindwa. Husimuliwa kwamba alirejea nyumbani kwa miguu, mashine mgongoni, akiionyesha njiani kama kichekesho cha sokoni ili apate senti za chakula.

Hata hivyo hakuiacha. Kufikia mwaka 1845 mashine yake iliweza kushona hadi mishono 200 kwa dakika, naye akapata mshirika, Magnin wa Villefranche. Mwaka 1848 walitoa mashine ya chuma waliyoipa jina la couso-brodeur, jina linalounganisha kushona na kutarizi katika neno moja. Mtu aliyeanza kwa kuwatazama watarizi aliirudishia mashine asili yake kwa kuipa jina hilo. Mwaka huohuo walipata hataza ya Uingereza. Mashine ilipelekwa katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851, lakini ilichelewa kufika, na waamuzi walikuwa wamekwisha kupita. Thimonnier alifariki mwezi wa Julai mwaka 1857 huko Amplepuis akiwa na umri wa miaka 63, maskini. Leo mji huo una makumbusho yenye jina lake.

Kwa nini basi wengine walifaulu pale aliposhindwa? Sababu moja ni ya kiufundi, na haki haitaki tuifiche. Mshono wa mnyororo hutumia uzi mmoja. Ncha ikikatika na kuvutwa, mshono mzima huweza kufumuka. Mmarekani Elias Howe alipata hataza mwaka 1846 ya mashine yenye nyuzi mbili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, zinazofungana ndani ya kitambaa. Singer aliiboresha njia hiyo, na ndiyo inayotumika katika cherehani za barazani hadi leo.

Lakini iko sababu nyingine, nami naiona kuwa nzito zaidi. Katika miaka ya 1850 kampuni ya Singer ilianza kuuza cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo. Fundi asiye na fedha za kutosha alitoa sehemu ya bei, akaichukua mashine nyumbani, akalipa salio kutokana na jasho la mashine hiyohiyo. Singer hakuwa malaika, na malipo hayo yaliipatia kampuni faida kubwa mno. Lakini kitu kimoja kilibadilika: fundi aliweza kuwa mwenye mashine. Chombo kilichovunjwa Paris kama adui kilikaribishwa ndani ya nyumba kama mali. Fundi wa baraza tunayemjua hapa kwetu, anayekata kanzu, sare za shule na magauni ya harusi kwa cherehani yake mwenyewe, ni mtoto wa badiliko hilo.

Ama mshono wa mnyororo, haukufa na Thimonnier. Mwaka 1865 Mfaransa Antoine Bonnaz alibuni mashine ya kutarizi inayotumia sindano ya kulabu, na kampuni ya Cornely ya Paris ikaieneza duniani. Fundi wake huzungusha mpini ulio chini ya meza, na mshono hufuata mkono wake kwenye mizunguko na makona ya pambo. Mnamo mwaka 1863 Isaak Gröbli wa Uswisi alikuwa tayari amebuni mashine kubwa yenye sindano nyingi, iliyopewa jina lenye maana ya mashua ndogo kwa sababu ya umbo la kifaa kinachobeba uzi wa chini. Kutoka hapo njia ikaelekea kwenye mashine za kompyuta zinazotarizi leo beji za sweta za wanafunzi wetu.

Nimewahi kusimama kando ya mashine ya namna hii nikimtazama mwendeshaji wake. Ina vichwa kadhaa vilivyopangwa safu moja, kila kichwa na sindano zake, hata 15, kila sindano na uzi wa rangi yake. Mtu angedhani kazi ya binadamu imekwisha. La hasha! Kwanza huwamba kitambaa katika fremu, kikaze bila kuvutika kupita kiasi, la sivyo pambo litakunjamana litakapotolewa. Chini yake huweka kitambaa kigumu cha kushikilia mishono. Hupitisha kila uzi katika njia yake, huipangia kompyuta mfuatano wa rangi, kisha hujaribisha kwenye kipande kisicho na thamani. Akimaliza hugeuza upande wa nyuma: katika mistari minene ya pambo uzi wa bobini wapaswa kuonekana katikati kama ukanda mwembamba, takriban theluthi ya upana wa mstari. Ukionekana zaidi, au usipoonekana kabisa, mkazo wa nyuzi hauko sawa, naye hurekebisha kwa kugeuza kifundo kidogo na kujaribu tena. Hayo hutambuliwa kwa jicho na ncha za vidole, kama walivyotambua watarizi wa Tarare.

Ndiyo maana nasema kisa cha Thimonnier hakijakwisha. Mashine ya vichwa vingi ina bei ambayo fundi mmoja wa baraza hawezi kuifikia kwa urahisi, na maarifa ya kuligeuza pambo kuwa maagizo ya kompyuta yako mikononi mwa wachache. Swali la mwaka 1831 limerudi kwa sura mpya: mashine ni ya nani, na aliyetoa ujuzi atapata fungu gani? Hatuwezi kulijibu kwa kuvunja, wala kwa kushangilia kila chombo kipya kinachoshuka bandarini. Lipo jibu ambalo historia imekwisha kulijaribu: fundi asaidiwe kumiliki. Mafundi wetu wana vyama vya akiba na mikopo. Kumi wakiungana, mashine ambayo mmoja hawezi kuinunua huwa mali ya wote.

Nasi walimu tuna fungu letu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 ulikuja na masomo ya ufundi na sayansi kimu, lakini mengi yalipunguzwa mapema katika miaka ya 2000, na mwanafunzi akajifunza kuiona kazi ya mikono kama adhabu ya aliyeshindwa mtihani. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2017 umeyarudisha kwa sura nyingine. Yasifunzwe kama masomo ya kujaza ratiba. Mwanafunzi apewe kitambaa, fremu na sindano ya kulabu, atarizi mnyororo wa mishono kumi kwa mkono wake, ndipo aonyeshwe mashine. Ataielewa kuliko mwenzake aliyeanza kwa kubonyeza vitufe. Kisha mwalimu amsimulie habari za fundi wa Amplepuis, aliyebuni mashine akafa bila kufaidika nayo, na za mafundi wa Paris waliokuwa na haki ya kuogopa, na amwulize mwanafunzi angewashauri nini wote wawili. Atakayeweza kulijibu swali hilo atakuwa amejifunza historia.