Sultani Abdulhamid na mchezo uliokatazwa Paris

KILA inapozuka kadhia ya kukashifiwa Mtume Muhammad (s.a.w.) huko Ulaya, huwasikia watu wakimtaja Sultani Abdulhamid wa Pili, kwamba zama zake hakuna aliyethubutu. Naona vyema, ndugu msomaji, tuyatazame maisha ya mtu huyu kwa ukamilifu, maana fundisho lake lina pande mbili.

Abdulhamid alizaliwa Istanbul mwaka 1842, akashika Dola ya Uthmaniya Agosti 1876, dola ikiwa imeelemewa na madeni. Mwaka huo huo aliridhia katiba, na Machi 1877 Bunge likafunguliwa. Vita na Urusi vilipombana, Februari 1878 akalisimamisha, na halikukutana tena kwa miaka 30. Ulaya nayo haikulala. Uingereza ilichukua usimamizi wa Saiprasi mwaka 1878, Ufaransa ikaivamia Tunisia mwaka 1881, na Waingereza wakaikalia Misri mwaka 1882.

Mtawala huyu aliyekuwa akimegewa ardhi alibakiwa na silaha moja: cheo cha Khalifa. Alijua kuwa Uingereza ilikuwa na mamilioni ya Waislamu India, na Ufaransa ilikuwa nao Algeria na Tunisia. Mwaka 1890 aliitumia silaha hiyo. Mshairi wa Kifaransa, Henri de Bornier, alikuwa ametunga mchezo wa kuigiza kuhusu Mtume (s.a.w.), ukitarajiwa kuchezwa katika jumba la Comédie-Française, Paris. Sultani akalalamika kupitia balozi wake, na Serikali ya Ufaransa ikaupiga marufuku.

Kisa hiki kimetiwa chumvi nyingi, eti Sultani alitishia vita. Mimi sioni haja ya chumvi hiyo. Ufaransa ile ile iliyopitisha sheria ya uhuru wa magazeti mwaka 1881 iliona uhuru una mpaka pale maslahi yake yalipoguswa. Haikufanya hivyo kwa mapenzi, ilipiga hesabu. Linganisha na Denmark. Gazeti la Jyllands-Posten lilipochapisha vikatuni 12 Septemba 30, 2005, mabalozi 11 wa nchi za Waislamu waliomba kuonana na Waziri Mkuu Anders Fogh Rasmussen, naye akakataa. Hapo napo hesabu ilipigwa, na sisi tukaonekana wepesi katika mizani.

Sasa upande wa pili, ambao wengi wetu huuruka. Sultani huyo huyo aliwaziba midomo raia wake. Magazeti ya Istanbul yalikaguliwa kabla ya kuchapwa na majasusi walizagaa. Wapinzani wake, Waislamu wenzake, wakakimbilia Paris, mji ule ule aliouzuia kucheza mchezo, wakachapa huko magazeti wasiyoweza kuyachapa nyumbani. Kati ya mwaka 1894 na 1896 Waarmenia kwa makumi ya maelfu waliuawa ndani ya dola yake, na doa hilo halifutiki.

Tusimnyime haki yake. Alijenga shule nyingi, na Reli ya Hijaz, iliyoanza mwaka 1900 kwa michango ya Waislamu wa pembe nyingi za dunia, ilifika Madina mwaka 1908. Lakini mwaka huo huo maofisa wa jeshi lake, wengi wao wakiwa wamesoma katika shule zake, walimlazimisha kuirudisha katiba. Aprili 1909 aliondolewa, akapelekwa Salonika. Alirudishwa Istanbul mwaka 1912 na kufariki akiwa kizuizini Februari 10, 1918.

Kwa maoni yangu, kuikashifu dini ya mtu si sawa na kumkosoa mtawala. La kwanza tuna haki ya kulipinga, kwa hoja na kwa njia za kibalozi kama alivyofanya Abdulhamid. La pili tuna wajibu wa kulilinda. Mtawala wa Kiislamu anayemfunga mwandishi kwa kusema kweli, kisha akaidai Ulaya adabu, anawapa maadui hoja ya bure. Tukitaka mizani yetu iwe nzito nje, tuanze kwa kutenda haki ndani.

Wallahu a'lam.