Ibn al-Baitar, mtaalamu wa mimea aliyeihifadhi tiba ya mbalanga kwa mwanga wa jua

Mjini Bujumbura, kama kwingineko Afrika Mashariki, mtu anayetokwa na mabaka meupe mwilini huweza kutengwa kwa kudhaniwa kuwa ana ukoma. Maradhi hayo, yaitwayo mbalanga, barasi au vitiligo, hayaambukizi. Tiba yake kwa njia ya mwanga ina historia ndefu, na miongoni mwa walioihifadhi ni Ibn al-Baitar, mtaalamu wa mimea wa karne ya 13.

Alizaliwa yapata mwaka 1197 katika eneo la Málaga, Hispania ya leo, zama za utawala wa Waislamu. Ujanani alisoma Sevilla kwa mwanazuoni Abu al-Abbas al-Nabati, wakitoka pamoja kukusanya mimea. Yapata mwaka 1219 aliihama nchi yake, akapita Afrika Kaskazini hadi Misri, ambako Sultani al-Kamil alimteua kuwa mkuu wa wataalamu wa mitishamba. Baadaye alikwenda Shamu. Huko alifuatana porini na mwanafunzi wake, Ibn Abi Usaybi'a, aliyekuja kuandika historia ya matabibu.

Kitabu chake kikuu kinaeleza takriban dawa 1,400 kwa mpangilio wa alfabeti. Humo umo mmea uitwao atrilali, ambao mbegu zake zilitumiwa na kabila moja la Waberberi kutibu mbalanga. Kabila hilo liliifanya dawa hiyo kuwa siri. Mgonjwa alimeza unga wa mbegu, kisha akakaa juani huku mabaka yakiwa wazi. Kwa kuyaandika hayo, Ibn al-Baitar aliitoa siri mikononi mwa wachache na kuifanya elimu.

Alifariki Damascus mwaka 1248. Karne saba baadaye, katika miaka ya 1940, daktari wa ngozi Abdel Monem El Mofty aliufanyia mmea huo majaribio mjini Cairo, na watafiti wa Misri wakatenga viini vyake, viitwavyo psoraleni. Viini hivyo huifanya ngozi iathiriwe zaidi na miali ya urujuanimno, na hivyo kuchochea chembe zinazotengeneza rangi. Katika miaka ya 1970 dawa hiyo iliunganishwa na taa maalumu. Siku hizi madaktari hutumia pia miali ya nanomita 311, au leza ya nanomita 308, bila kumpa mgonjwa psoraleni.

Hata hivyo, kuiga tiba ya kale nyumbani ni hatari. Mbegu hizo pamoja na jua kali huweza kuunguza ngozi hadi kutoa malengelenge, na psoraleni ikitumiwa kwa muda mrefu huongeza hatari ya saratani ya ngozi. Jua la Bujumbura ni la bure, lakini halina kipimo. Hospitalini, daktari hupima kiasi cha mwanga kwa kila mgonjwa na kukiongeza hatua kwa hatua.